Maji Yanayotoka Mlangoni Mwetu Yanaenda Wapi?

Somo la juma
Andiko la msingi: Ezekieli 47:1-12
Soma pia: Mhubiri 1:7, Mwanzo 1:20-28, Ezekieli 34:17-19, Yohana 6:1-13



Hakuna mlokole ambaye hajahubiriwa Ezekieli 47. Tumehubiriwa kwenye kesha, tumehubiriwa kwenye semina za Roho Mtakatifu, na wengine tumeruka mpaka viatu vikatoka. Maji ya vifundo vya miguu, maji ya magoti, maji ya viuno, halafu mto usiovukika. Mhubiri anauliza, "Wewe uko kwenye maji ya wapi?" na kanisa lote linasimama. Ni mahubiri mazuri, mimi mwenyewe nimeyahubiri. Lakini karibu kila mara tunafunga Biblia kwenye mstari wa 5, na yule mtu mwenye kamba ya kupimia alikuwa bado hajamaliza kumwonyesha Ezekieli kile alichomletea kuona.

Fungua tena, uendelee mpaka mstari wa 11. Maji yametoka chini ya kizingiti cha nyumba ya Mungu, yameelekea mashariki, yameteremka mpaka Araba, yameingia baharini. Na bahari yenyewe ni ile Bahari ya Chumvi, ambayo hata leo samaki hawaishi humo. Mto ulipofika, maji ya bahari yakaponywa. Samaki wakajaa. Wavuvi wakasimama kando yake kutoka En-gedi mpaka En-eglaimu, na nyavu zikatandazwa. Hata chumvi haikusahauliwa, manake mstari wa 11 unasema kuna vinamasi vilivyoachwa makusudi viwe vya chumvi.

Umeona? Mungu alipotaka nabii ajue uzima unaotoka nyumbani mwake unafananaje, alimwonyesha samaki, nyavu na chumvi. Alimwonyesha watu wakila na watu wakifanya kazi. Na alama ya kwamba mto ule ni wa Mungu haikuwa kina chake peke yake. Alama ilikuwa kile kilichotokea mto ulipofika mwisho wa safari, mahali ambapo hakuna mtu wa hekaluni aliyepaona.

Swali la juma hili basi ni hili: maji yanayotoka mlangoni mwako yanafika wapi, na yakifika yanafanya nini?

Mto wetu pia unaelekea mashariki

Tuchukue Mto Nairobi. Unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukiwa maji tu. Unaingia mjini. Unapita Gikomba, Korogocho, Dandora. Mto Mathare unaingia humo, Mto Ngong unaingia humo, na kila mmoja unakuja na mzigo wake: maji ya vyoo, mafuta ya gereji, damu ya machinjio, chupa za soda, nepi za kutupa za watoto, ndara zilizokatika. Unapita kando ya jaa la Dandora, ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na miaka zaidi ya ishirini baadaye malori yalikuwa bado yanamwaga pale pale. Mvua ikinyesha, mto unapanda na kuchota kando. Sisi tunasema, "Mvua imesafisha mtaa." Haijasafisha, imehamisha.

Nje ya mji, Mto Nairobi unaingia Mto Athi. Athi unaporomoka Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, na siku zingine povu lake pale si la maji peke yake. Unateremka Ukambani, ambako watu wa Machakos, Makueni na Kitui wanauchota kwa mitungi, wananywesha mifugo na kumwagilia mboga, na baadhi ya mboga hizo zinarudi Nairobi kuuzwa sokoni. Unaingia Tsavo, unaungana na Mto Tsavo, unabadilisha jina na kuitwa Galana. Ukikaribia pwani unaitwa Sabaki. Kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, unaingia Bahari ya Hindi. Ni mto mmoja wenye majina matatu, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana.

Kwa hiyo mtu wa Kayole ambaye hajawahi kuona bahari hata siku moja anaigusa bahari kila juma. Kofia ya chupa aliyoiangusha kwenye mtaro ina nauli ya bure mpaka Malindi.

Wewe wa Kakamega au Kisumu usiseme hili ni la watu wa Nairobi. Mto Nzoia unaingia Ziwa Victoria, maji ya ziwa yanatokea Jinja kuingia Nile, na Nile inamaliza safari yake bahari ya Mediterania. Ndugu zetu wa Nakuru na Naivasha wanaweza kusema maziwa yao hayana mlango wa kutokea. Lakini wasifurahi mapema: maana yake ni kwamba uchafu wao wanabaki nao wenyewe. Mhubiri 1:7 ilishaona zamani kwamba mito yote inaishia baharini na bahari haijai. Haijai maji. Uchafu ni hesabu nyingine.

Kinachofika kule

Kule Malindi kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, yeye na mwenzake wa Watamu, kati ya za kwanza kabisa barani Afrika. Ndani yake kuna matumbawe. Tumbawe ni kiumbe hai, hukua polepole tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama pete ndani ya shina la mti. Mwaka 2007 watafiti walichapisha walichokisoma ndani ya tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Walikuwa wanatafuta alama za udongo unaoletwa na Mto Sabaki. Kwenye tabaka za zamani, alama ni chache. Ukifika mwanzoni mwa karne ya 20, wakati misitu ya nyanda za juu inakatwa na mashamba makubwa ya walowezi yanafunguliwa, alama zinapanda sana. Udongo wa bara ulikuwa unakwenda baharini, na tumbawe liliandika.

Nimekaa na jambo hilo siku kadhaa. Tunahubiri kwamba vitabu vitafunguliwa, na ni kweli, Ufunuo 20 inasema. Lakini kumbe kuna kitabu kingine kiko chini ya maji Malindi, kimekuwa kikiandika habari za Kiambu na Machakos miaka yote hii, na wanaoandikwa hawajui.

Udongo huo ndio unaofanya maji ya Malindi kuwa mekundu-kahawia misimu ya mvua. Ukimwagika kwa wingi unafunika matumbawe na nyasi za bahari, na pale ndipo samaki wadogo wanapolelewa. Mbolea tunayoizidisha shambani inachukuliwa na mvua hiyo hiyo, na ikifika majini inalisha magugu badala ya mahindi. Sisemi watu wasilime. Nasema mkulima anayeacha shamba la mteremko bila matuta, au anayelima mpaka mdomoni mwa mto, anapoteza rutuba yake mwenyewe na kumharibia mtu mwingine samaki, yote kwa mvua moja.

Halafu plastiki. Chupa ikiingia baharini haiozi. Jua linaikausha, mawimbi yanaipiga, inavunjika vipande, vipande vinavunjika chembe, mpaka chembe haionekani kwa macho. Lakini bado ni plastiki. Wataalamu wanaziita maikroplastiki. Samaki wadogo wanazimeza, samaki wakubwa wanameza wadogo. Kabla haijavunjika, inaua kwa njia nyingine. Kasa hula konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama uteute, na mfuko wa plastiki ukielea majini unafanana naye kabisa. Kasa akiumeza, utumbo unaziba, gesi inajaa tumboni, anaelea juu kama boya. Hawezi kupiga mbizi kutafuta chakula. Anakufa njaa akiwa ameshiba plastiki. Watamu kuna kituo kinachotibu kasa, na kinapokea wa namna hiyo.

Soma Mwanzo 1:22 polepole. Baraka ya kwanza iliyotamkwa katika Biblia nzima haikutamkwa juu ya mwanadamu. Ilitamkwa siku ya tano, juu ya viumbe wa baharini na ndege: wazae, waongezeke, wayajaze maji. Sisi tulibarikiwa siku ya sita, mstari wa 28, baada yao. Tunapenda sana kutamka baraka, na tunaogopa sana kugusa kitu kilichobarikiwa. Hapa kuna kitu kilichobarikiwa kabla yetu.

Inarudi mezani

Sasa mtu atasema, mimi ni wa bara, silii samaki wa baharini, nina omena wangu na sukuma wiki.

Chumvi je? Chumvi nyingi tunayotia kwenye sukuma wiki hapa Kenya inatoka Magarini, kaunti ya Kilifi, pwani ya Gongoni mpaka Marereni. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa mapana, jua linayakausha, chumvi inabaki. Mabwawa hayo yako kaskazini ya mdomo wa Sabaki. Upepo wa kusi ukivuma, maji ya Sabaki yanasukumwa kwenda kaskazini. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umekuta chembe za plastiki ndani ya chumvi ya bahari ya dukani. Mwaka 2022 wanasayansi wa Uholanzi walitangaza wamezikuta ndani ya damu ya watu. Ile safari ya kofia ya chupa haikuishia Malindi.

Na mvua je? Masika yanayonyesha Ukambani na Mlima Kenya, unyevu wake unaletwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi. Hewa je? Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani inatengenezwa na mimea midogo mno inayoelea baharini. Mkulima wa Mwingi ambaye anangoja mvua anaingoja kutoka baharini, ajue asijue.

Lakini niseme ukweli, sipendi tukiiishia hapo, kwamba tutunze bahari kwa sababu itatudhuru sisi. Hiyo ni hesabu ya mfuko. Ezekieli 34:17-19 inakwenda ndani zaidi. Pale Bwana anahukumu kati ya kondoo na kondoo, si kati ya kondoo na mbwa mwitu. Kosa la kondoo wanono halikuwa kunywa maji. Walikunywa maji safi, wakashiba, kisha wakayavuruga kwa miguu, na wenzao waliokuja nyuma wakabaki kunywa yaliyovurugwa. Wote ni kundi moja. Tofauti ni nani ametangulia kufika kwenye maji.

Sisi wa bara tumetangulia kufika kwenye maji. Mvuvi wa Malindi yuko nyuma yetu. Anatoka saa tisa usiku na ngalawa yake, anavuta wavu, na kati ya changu na tafi kuna ndara iliyopotea Nairobi na chupa iliyonywewa Thika. Wavu ukichanika ni siku mbili za kushona na hakuna mauzo. Yeye hakunywa soda hiyo. Na hana njia ya kuturudishia, manake mto haupandi mlima.

"Lakini si Yesu anarudi?"

Hili swali lipo, na afadhali tulijibu kuliko kulinong'ona. Petro anasema vitu hivi vitaunguzwa, 2 Petro 3:10. Ufunuo 21:1 inasema bahari haitakuwako tena. Basi ya nini kuhangaika na chupa?

Kwanza, wewe uliyeuliza umelipa karo ya muhula ujao. Umepanda mahindi. Umeweka paa jipya. Kurudi kwa Bwana hakukukuzuia hayo yote, kwa nini kuzuie kuokota taka peke yake? Pili, Petro mwenyewe hakuishia mstari wa 10. Mstari wa 11 anauliza, kwa kuwa ni hivyo, imewapasa ninyi kuwa watu wa namna gani. Na Ufunuo huo huo, 11:18, unasema wazi kwamba wanaoiharibu nchi watahukumiwa. Naona mtu anayesema "itaungua tu" anafanana na mpangaji anayevunja madirisha kwa sababu amesikia mwenye nyumba anakuja kujenga upya. Mwenye nyumba akifika atamkuta na jiwe mkononi.

Kuna pia mpendwa anayependa Mika 7:19, kwamba Mungu ametupa dhambi zetu vilindini mwa bahari. Amina. Lakini zile dhambi zikitupwa na Mungu hazirudi. Plastiki yetu inarudi.

Si mzigo wa mama mboga peke yake

Niwe mwangalifu hapa. Kuna mitaa ambayo gari la taka la kaunti halifiki. Mama anafagia kibanda chake kila jioni, anafunga taka vizuri, halafu hana pa kuziweka. Kumsimamisha madhabahuni na kumwambia ametenda dhambi ni kuonea. Viwanda vinavyofungua mabomba usiku, wenye nyumba wanaoelekeza maji ya vyoo mtoni, na viongozi waliochaguliwa kupanga haya, hesabu yao ni kubwa kuliko yake. Ezekieli 34 inaanza na wachungaji kabla ya kufika kwa kondoo.

Na inawezekana. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, ile tuliyozoea kuita karatasi, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4. Watu walisema biashara itakufa. Haikufa. Wengi mnakumbuka jinsi michongoma kando ya barabara ilivyokuwa imevaa karatasi za kila rangi. Kabla ya hapo, marehemu John Michuki aliposhika wizara ya mazingira mwaka 2008, alianza kuusafisha Mto Nairobi pale kati ya mji, na bustani yenye jina lake iko hapo mpaka leo. Alipofariki mwaka 2012 nguvu ya kazi ile ikapungua, na hilo nalo linatufundisha kitu kuhusu kazi inayomtegemea mtu mmoja. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa ndara kuukuu, wakaliita Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Lilielea vizuri.

Sasa turudi kanisani kwetu, manake Ezekieli aliona mto ukianzia nyumbani mwa Mungu. Jumapili ya Meza ya Bwana tunatumia vikombe vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila mshirika. Baada ya ibada vinaenda wapi? Tukiwa na krusedi ya siku tatu uwanjani, chupa za maji zinabaki ngapi kwenye nyasi? Jumatatu watu wa mtaa ule wanaona nini kimebaki cha ziara ya Roho Mtakatifu?

Yohana 6 inasema Yesu alilisha wanaume kama elfu tano. Muujiza umeisha, watu wameshiba, nyimbo zinapanda. Mstari wa 12 akawaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Vikapu 12, na waliookota ni mitume wenyewe, si watoto wa Shule ya Jumapili. Ilikuwa mikate, ambayo ingeoza yenyewe au kuliwa na ndege, na bado hakuruhusu ibaki uwanjani.

Kwa hiyo idara ya usafi imeomba mambo matatu, na wazee wameyakubali kwa kuanzia. Vikombe vya Meza ya Bwana vioshwe na kutumika tena, au vinunuliwe vya kioo kidogo kidogo. Kila krusedi iwe na kikosi cha kuokota kinachopangwa pamoja na kikosi cha maombi. Na barua iende kwa mwakilishi wetu wa wadi kuhusu gari la taka, ikiwa na majina ya washirika wanaokaa kwenye mitaa lisikofika. Atakayetaka jina lake liwemo amwone katibu baada ya ibada.

Kwa vikundi vya nyumbani juma hili

Someni Ezekieli 47:1-12 yote, msiishie mstari wa 5. Jadilini: katika maono yale, nani alifaidika na mto, na alikuwa umbali gani kutoka hekaluni?

Someni Ezekieli 34:17-19. Katika mtaa wenu, nani yuko nyuma yenu kwenye maji? Nani yuko mbele yenu?

Kabla ya Jumapili, tokeni pamoja mkafuate mtaro ulio karibu na nyumba mnayokutania. Nendeni nao mpaka mwone unaingia mto gani, na mwandike kila kitu mnachokikuta ndani yake. Njooni na karatasi hiyo kanisani, au picha za simu zikiwa rahisi zaidi.